Maua ya Ndani Butimba: Faida Imo Kwenye Matunzo

Mama mwenye kitalu hapa Butimba, kando ya barabara ya kwenda Nyegezi, hamtajii mteja bei kabla ya kumuuliza: “Dada, dirisha la sebuleni linatazama wapi?” Akiambiwa mashariki, anasogeza anthuriamu. Akiambiwa magharibi, anashauri pazia jepesi, maana jua la alasiri hubabua majani. Kisha anachomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. “Ukikuta ubichi hapa, usimwagilie.”

Swali lile ndilo mtaji wake mkubwa, na wauzaji wengi wa maua ya ndani Mwanza bado hawana mtaji huo.

Kuanzisha kitalu hakutishi: neti ya kivuli, viriba, udongo mweusi, samadi iliyooza na pumba za mpunga za kulegeza udongo. Boganvilia na haibiskasi huoteshwa kwa vipandikizi, na fedha hurudi mapema. Maua ya ndani yana hesabu nyingine. Anthuriamu hugawanywa, na chipukizi hukaa kivulini miezi mingi kabla ya kutoa ua la kuvutia mnunuzi. Okidi ni ngumu zaidi. Nyingi zinazouzwa duniani huanzia kwenye chupa za maabara, hivyo muuzaji wa hapa hununua mmea uliokwisha kukua, anaulipia usafiri, na ukinyauka njiani hasara ni yake.

Linaloniuma ni ua letu wenyewe. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani Tanga, alipata kwenye milima ya Usambara ua dogo la zambarau, likaitwa Saintpaulia. Kufikia miaka ya 1920 wakulima wa California walikuwa wakizalisha aina mpya za kuuza, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Kwenye meza za Butimba sijaliona hata moja. Nalo ni rahisi kuzidisha: jani moja na kikonyo chake, likichomekwa kwenye udongo mwepesi, huotesha miche kadhaa. Linataka mwanga bila jua kali, na maji yasiyo baridi yamwagwe kwenye udongo, kwa kuwa maji baridi yakigusa majani huacha madoa.

Maji tunayo. Chanzo kipya cha Butimba kimejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Lakini sebuleni, maua mengi huuawa na maji kuliko kiu. Udongo ukijaa maji muda wote, mizizi hukosa hewa na kuoza, majani yakalegea, na mwenye nyumba, akidhani ua lina kiu, huongeza tena.

Yalinikuta mwenyewe. Nilinunua mahali pengine mjini anthuriamu iliyopandwa kwenye chungu cha kauri kisicho na tundu, na aliyeniuzia hakuniambia neno. Baada ya wiki chache mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama tope la ziwani. Sikurudi kwake.

Chungu nilimpelekea mama wa Butimba. Alikigeuza, akagonga kitako kwa kidole, akamwita kijana mwenye drili. Alinitoza kazi ya kutoboa na udongo mpya, akapanda anthuriamu nyingine. Nilipoondoka nilikuwa nimenunua na ua la pili, la dirisha la jikoni.