Dago la Msanii: Sanaa ya Vyombo Vipya katika Nchi ya Wazaramo

Kitu kigeni kikiingia nchini pamoja na jina lake, wenye lugha huwa na kazi mbili: kukijua kitu, na kulipima jina. Sanaa iitwayo ya "midia mpya" imekwisha kuingia Tanzania, lakini majina inayopewa kwa Kiswahili hayajapimwa bado. Wako wanaoandika "sanaa ya vyombo vya habari vipya", na msomaji wa Kibaha au Kisarawe akilisoma jina hilo hudhani kuwa maneno ni ya magazeti na redio. Kosa si lake. Neno midia asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kilicho katikati, ambacho kingine hupitia. Kwa mchoraji midia ni rangi ya mafuta au ya maji. Kwa mchongaji ni mti au jiwe. Kwa mhariri ni gazeti. Kiswahili kilipolitafsiri kilishika maana ya mhariri peke yake, kikaiacha ya mchongaji. Yafaa basi kusema "sanaa ya vyombo vipya", na neno habari liachwe mahali pake.

Vyombo hivyo ni video, kinasa sauti, kompyuta na mtandao. Msanii havitumii ili kusimulia kisa tangu mwanzo hata mwisho, kama ifanyavyo sinema. Picha, sauti, chumba na muda wenyewe ndivyo vinavyokuwa kazi yake. Mara nyingi mwanzo wake hutajwa kuwa maonyesho ya Nam June Paik, mzaliwa wa Korea, aliyoyafanya Wuppertal, Ujerumani, mwezi wa Machi 1963, alipopanga televisheni katika nyumba ya maonyesho na kuzipotoa picha zake makusudi. Katika Tanzania jina lisiloweza kuachwa ni la Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kuhitimu sanaa katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2009. Hutumia video, sauti, maandishi na mwili wake mwenyewe, na mengi ya kazi zake ameyatoa katika masimulizi na desturi za wanawake, mara nyingine akishirikiana na mama yake, Demere Kitunga, mwandishi na mchapishaji. Jambo hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa laonyesha kwamba chombo kipya hakikumtenga msanii na ya kale.

Katika nchi ya Wazaramo, ambayo Kisarawe ni moyo wake na ambayo Kibaha imo pamoja na Wakwere na wengineo, upo mfano unaoifumbua sanaa hii kuliko ule wa Wuppertal. Ni mwana hiti. Huyu ni mwanasesere mdogo wa mti, mviringo kama kipande cha mchi, asiye na mikono wala miguu, mwenye kichwa kilichochongwa nywele za vishungi viwili. Mwali akivunja ungo alitawishwa ndani, naye akapewa mwana hiti amtunze kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele. Majumba ya makumbusho ya Ulaya yamemkusanya mwana hiti na kumsimamisha ndani ya kioo, na vitabu vya sanaa husifu uchongaji wake. Lakini Wazaramo wenyewe, ulipokosekana mti uliochongwa, walitumia kibuyu, hata gunzi la hindi, na kazi ikawa ile ile. Maana haikukaa katika mti. Ilikaa katika matunzo, katika siku zilizopita ndani ya nyumba ile, na katika mafundisho ya kungwi. Mtu aliyelielewa jambo hilo hapati taabu kuelewa kwa nini msanii wa leo huacha turubai na patasi akashika sauti na muda.

Jina la pili ni gumu zaidi. Sanaa hii aghalabu hufanywa pale msanii anapopokewa mahali pasipo pake, akapewa malazi na chumba cha kazi kwa wiki au miezi, kisha akaonyesha alichokifanya. Desturi yenyewe si mpya: mwaka 1666 mfalme wa Ufaransa aliasisi chuo mjini Roma ili wasanii wake wakae huko kwa gharama ya serikali. Kwa namna ya siku hizi, warsha za Triangle zilianzishwa jimbo la New York mwaka 1982 na Anthony Caro na Robert Loder, na mtandao wake ukaenea Afrika. Kuona Trust ya Nairobi ilianza 1995, na Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, ikaanza 2008, wasanii wakifanyia kazi ndani ya makontena ya meli.

Kwa Kiswahili jambo hili huitwa "ukaazi wa msanii". Tafsiri si mbaya kwa kamusi, lakini neno ukaazi limekwisha kutwaliwa na Idara ya Uhamiaji. Mtu akisikia ukaazi hufikiri kibali, ada na muhuri; na mwenyeji wa kijiji hana nafasi katika neno hilo, kwa kuwa ruhusa hutoka ofisini.

Neno la pili ambalo lingeweza kupendekezwa ni kutawa. Mwali hutengwa, hufunzwa, kisha hutolewa nje kwa ngoma mbele ya watu. Msanii naye hutengwa, hufanya kazi, kisha hufungua maonyesho. Mfano wapendeza, lakini una kasoro. Mwali ni mtoto wa nyumba ile, na hutoka akiwa mtu mzima wa jamaa ile ile. Msanii ni mgeni na ataondoka. Zaidi ya hayo, mtawa kwa Kiswahili cha leo ni mtu wa dini, na msanii atakayeitwa hivyo atachekwa.

Lipo neno la tatu, nalo ni la wavuvi. Dago ni kambi ya msimu: wavuvi huacha kwao, huhamia ufuko wa watu wengine, hujenga vibanda, huvua, kisha hurejea. Mvuvi wa dago si mwenyeji, wala si mpita njia. Akifika huwaendea wakubwa wa mahali kuomba ruhusa, na mara nyingi hutoa ada. Asipofanya hivyo ugomvi huzuka, kwa sababu samaki anaowavua ni riziki ya wale aliowakuta. Atakuja msemaji aseme kwamba Kibaha na Kisarawe hazina bahari, na kwamba si haki neno la pwani lipandishwe kwenye vilima vya Pugu. Lakini maneno husafiri. Nahodha wa leo huongoza hata timu ya mpira. Na jambo lenyewe halikuwa geni huko. Tangu 1963, nchi za Skandinavia na Finland zilipoanzisha kituo chao Kibaha, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa Tanzania na leo ni Shirika la Elimu Kibaha, wakulima walikuja wakalala hapo, wakafunzwa, wakarudi mashambani kwao.

Ubora wa neno dago ni kwamba limebeba ndani yake mwenyeji na ruhusa yake, na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Chombo kipya cha kunasa hakikufika jana. Mwaka 1906 Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka kusini mwa nchi hii, kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, akiwa na mashine ya kunasa sauti juu ya nta na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo na ngoma, akahudhuria hata mambo ya unyago. Sauti zile zilikwenda Ujerumani. Walioziimba walibaki bila nakala. Leo wako wasanii waendao njia ya kinyume. Joseph Kamaru wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la KMRU, alizichukua sauti za Afrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akazifanya kazi mpya iliyotoka mwaka 2022.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya 1999, ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, nayo hutaka kibali zikitumiwa kwa faida nje ya mazoea yake. Ni kinga, lakini ni kinga ya biashara. Haielezi la kufanya msanii asiyetafuta fedha anapotaka kunasa nyimbo za mwali Kisarawe aziweke ndani ya chumba chenye giza mjini. Zipo nyimbo za uwanjani, za siku mwali atolewapo, ambazo kila apitaye huzisikia. Na zipo za ndani, ambazo hata mume wa kungwi hazijui. Kinasa sauti hakitambui tofauti hiyo. Kungwi anaitambua, na kwa adabu ya dago ni yeye wa kuulizwa kabla ya kifungo kubonyezwa, si afisa utamaduni peke yake. Na kama mvuvi aachavyo ada, nakala ya kilichonaswa ni haki yake, kwa namna awezayo kuisikiliza kwa simu yake mwenyewe.

Limebaki jambo la sarufi. Dago ni la ngeli ya li-ya: dago la msanii, madago ya wasanii. Akaaye humo asiitwe "mdago", neno lisilokuwa na masikio ya kulisikia, wala "mkaazi", kwa sababu zilizokwisha kutajwa. "Mgeni wa dago" latosha, nalo lamwachia mwenyeji jina lake la mwenyeji. Likipelekwa mbele ya Baraza la Kiswahili la Taifa, yafaa lipelekwe pamoja na "sanaa ya vyombo vipya", kwa kuwa la kwanza likikubaliwa bila la pili, msomaji wa Kisarawe atafikiri kwamba mgeni huyo ni mwandishi wa gazeti.