Joto kwa Vifaranga, Si Moto kwa Kibanda



Asubuhi moja tulifika kwa kikundi kimoja cha wamama hapa Kisangani. Tulikuwa na mizani mikononi, tunataka kupima vifaranga wa juma moja. Tulikuta majivu. Sanduku la mbao lilikuwa limeungua upande mzima, bati la juu limekuwa jeusi, na vifaranga 200 walikuwa wamekwisha. Hakuna mutu aliyeumia, tunamushukuru Mungu. Mama aliyelinda usiku alituambia: « Kuran ilikwenda mangaribi. Ikarudi usiku wa katikati, tukiwa tunalala. Tulisikia tu harufu ya moshi. »

Tuliangalia kila kitu pamoja nao. Ampuli ilikuwa imening'inizwa kwa waya wake wenyewe wa umeme. Duyi, pale ampuli inapofungwa, ilikuwa ya plastiki. Plastiki ililegea kwa joto, ampuli ikaanguka ndani ya maranda makavu. Basi.

Tuseme ukweli: na sisi tulikuwa na kosa. Katika mafunzo tulifundisha digrii na chakula na chanjo. Namna ya kufunga taa hatukuifundisha, tulidhani kila mutu anaijua. Ndiyo sababu tunaandika habari hii.

Joto gani linahitajika?

Kifaranga cha siku moja hakiwezi kujipasha joto chenyewe. Juma la kwanza kinataka digrii 32 mpaka 35, kupimwa pale mugongo wake unapofika, si juu kwenye ukuta. Kila juma munapunguza karibu digrii 3. Hapa kwetu mchana kuna joto, lakini usiku, zaidi mvua ikinyesha, joto linashuka karibu na digrii 20. Usiku huo ndio unaua vifaranga wachanga, na usiku huo ndio taa inawaka bila mutu kuiangalia.

Ampuli gani?

Ampuli za LED zinazouzwa sokoni zinatoa mwangaza mzuri, lakini joto lake ni kidogo. Hazifai kwa kazi hii. Kuna ampuli za kawaida za nyuzi, za wati 60 ao 100, na kuna ampuli kubwa za kupasha joto za wati 250. Moja ya wati 250 inaweza kutosha vifaranga 50 mpaka 100. Lakini hiyo inaomba duyi ya porseleni. Musikubali ya plastiki, hata muuzaji akiapa kwamba iko nguvu.

Tazameni pia upana wa sanduku. Taa ya wati 250 inapaswa kuwa mbali na kitu chochote kinachoweza kuungua kwa sentimita 45 ao zaidi: mbao, maranda, gunia, manyasi ya paa, hata kartoni. Sanduku lenye upana wa mita 1, taa ikiwa katikati, linabakiza sentimita 50 kila upande. Sanduku likiwa jembamba kuliko hapo, tumieni ampuli ndogo, ao pasueni sanduku mulipanue. Na musifunike juu kwa mbao ao kwa gunia. Wekeni grilaje, hewa ipite na panya asiingie.

Kufunga taa

Hapa ndipo neno kubwa la leo: waya wa umeme ni wa kupitisha umeme, si wa kubeba taa. Taa ibebwe na mnyororo wa chuma uliofungwa kwenye boriti ya paa, si kwenye mfuniko wa sanduku. Kisha ongezeni mnyororo wa pili, ao waya wa chuma, uliofungwa kwenye musumari mwingine. Wa kwanza ukikatika, wa pili unashika. Kamba ya nailoni ao ya katani musitumie, inayeyuka ao inaungua.

Mnyororo unasaidia pia kupandisha taa. Anzeni na sentimita 50 ao 60 juu ya maranda, kisha mupandishe kadiri vifaranga wanavyokua. Zungusheni ampuli kwa kikapu cha waya wa chuma, ili hata ikianguka kioo kisiguse maranda.

Ukimaliza kufunga, mbele ya kuwasha, vuta taa kwa mukono, kwa nguvu kidogo. Ikisogea vibaya, anza upya. Vuta kila jioni.

Waya na priza

Taa 4 za wati 250 ni wati 1000, karibu amperi 4 na nusu kwenye umeme wa volti 220. Waya wa shaba wa milimita mraba 1,5 unatosha. Ule mwembamba wa redio hautoshi, utapata moto ndani ya ukuta. Waya mrefu usiukunje kama nyoka wakati unatumika, unyooshe. Maungio yakae nje ya sanduku, kwenye domino ndani ya kisanduku chake, si kuzungusha waya na kufunga plastiki ya sachet. Na chombo cha maji kisikae chini ya taa: tone moja la maji baridi linapasua kioo chenye moto.

Umeme ukienda

Umeme wa muji wetu unatoka kwenye baraji la muto Tshopo, na makomine mara mingi yanapata kwa zamu. Umeme ukienda, toeni fishi kwenye priza palepale. Ukirudi, ngojeni dakika chache utulie, kisha muwashe mukiwa macho.

Wakati wa kungoja, njia iliyo salama zaidi ni bidoni la maji ya moto, limefungwa vizuri na kuviringishwa na kitambaa. Vifaranga watalizunguka kama mama yao. Mbabula ya makala tunajua munaitumia. Basi iwasheni nje mpaka moshi uishe, muiweke juu ya matofali, nje ya sanduku, dirisha likiwa wazi. Makala yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu, inaua kifaranga na inaua hata mulinzi aliyelala.

Vifaranga watawaambia

Wakijikusanya chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, mabawa wazi, midomo wazi, joto ni mingi: pandisheni taa. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, iko vizuri. Wapasheni joto upande mmoja tu wa sanduku, ili kila kimoja kichague.

Kazi ya koperativi

Mara mingi vifaranga wetu wanatoka mbali, na wanafika kwa bei kubwa. Fanyeni hesabu yenu wenyewe: minyororo 2, duyi ya porseleni na kikapu cha waya, kwa upande mmoja; vifaranga 200, chakula na chanjo, kwa upande mwingine. Nunueni vile vifaa kwa kasha la koperativi, na mutu mmoja apewe kazi ya kupita kila jioni kuvuta taa kwa mukono.

Wale wamama walianza upya na vifaranga 50 tu, katika sanduku pana, taa ikiwa kwenye minyororo 2. Tulipowatembelea tena, yule mama mulinzi hakutuonyesha kuku kwanza. Alitushika mukono, akatupeleka chini ya boriti, akasema: « Vuteni. » Tulivuta. Haikusogea.