Addicks na Barker: Nani Aliyefurisha Magharibi mwa Houston?

Msomaji aliyezoea mabwawa ya Mtera au Masinga anajua kazi moja ya bwawa: kuhifadhi maji ili mitambo izunguke na taa ziwake. Bwawa la namna hiyo likijaa, wenyewe hufurahi. Mabwawa ya Addicks na Barker, yaliyo magharibi mwa jiji la Houston, Texas, yamejengwa yakae matupu. Sehemu kubwa ya mwaka ndani yake mna nyasi, vichaka, viwanja vya michezo na barabara. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushikwa humo mpaka mto ulio chini upungue, kisha huachiliwa kidogo kidogo. Asiyeielewa tofauti hii atapata shida kuelewa yaliyotokea Agosti 2017.

Mto wenyewe unaitwa Buffalo Bayou, nao ni mdogo na wa mwendo wa pole, ukikatiza katikati ya jiji. Uliifurisha Houston mwaka 1929, ukarudia 1935. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kikajenga matuta marefu ya udongo kuukinga mji. Barker likakamilika mwaka 1945, Addicks 1948. Wakati huo pande zile zilikuwa mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe.

Hapa pana vipimo viwili vya kutazama kwa makini. Cha kwanza ni kimo cha ardhi ambayo serikali ilinunua nyuma ya tuta. Cha pili ni kimo ambacho maji yanaweza kufika bwawa likijaa kabisa. Mtu angetarajia vilingane, lakini havilingani: cha pili kiko juu zaidi. Kati ya mistari ya vimo hivyo viwili ulibaki ukanda mpana wa ardhi ya watu binafsi, ambao kwa hesabu za wahandisi wenyewe ulikuwa ndani ya bwawa.

Mji ulipotanuka, ukanda huo ukapimwa viwanja. Kaunti zikaidhinisha, benki zikakopesha, maelfu ya nyumba yakajengwa. Kaunti ya Fort Bend iliandika onyo kwenye ramani za baadhi ya mitaa hiyo kwamba eneo linaweza kufunikwa na maji ya bwawa. Maandishi hayo ni mistari michache kwenye karatasi inayokaa masjala. Mnunuzi wa nyumba huonyeshwa jiko, gereji na shule ya jirani. Ramani ya upimaji ni nani atakayeidai?

Tena kulikuwa na kinga ya uongo. Wamarekani huchora eneo liitwalo bonde la mafuriko ya miaka 100, na wengi hudhani ni mafuriko yajayo mara moja kila karne. Maana yake hasa ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Kwa mtu mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 30, hesabu hiyo inafika takriban asilimia 26. Nyumba nyingi nyuma ya matuta zilikuwa nje ya mstari huo, kwa hiyo benki hazikuwalazimisha wenyewe kukata bima ya mafuriko.

Kimbunga Harvey kilitua pwani ya Texas tarehe 25 Agosti 2017, kikaganda juu ya eneo lile kwa siku kadhaa. Mji wa Nederland, mashariki mwa Houston, ulipata milimita 1,539 za mvua, kuzidi mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam. Mabwawa yakajaa. Maji yakapita mpaka wa ardhi ya serikali kwa karibu mita 2, yakaingia sebuleni mwa watu.

Sasa mtazame mhandisi aliyesimama kwenye milango ya bwawa. Akiifunga, anazidi kuwafurisha walio nyuma ya tuta na kulihatarisha tuta lenyewe. Akiifungua, anawafurisha walio chini yake. Katika hali ya kawaida, kiasi kinachopita bila madhara ni kama mita za ujazo 57 kwa sekunde. Usiku wa kuamkia tarehe 28 milango ilifunguliwa, na siku zilizofuata kiasi kilichoachiliwa kikapita mita za ujazo 360 kwa sekunde. Hata hivyo, tarehe 29 maji ya Addicks yalianza kuzunguka ncha ya kaskazini ya tuta, mahali pasipo na mlango wa kufunga.

Watu walitolewa kwa mitumbwi na boti za majirani. Maelfu walilala katika ukumbi wa mikutano wa George R. Brown, na Dallas, kilomita karibu 390 kaskazini, nayo ikafungua ukumbi wake wa mikutano kuwapokea.

Kesi zikafunguliwa. Katiba ya Marekani hairuhusu serikali kuchukua mali ya mtu kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Desemba 2019 mahakama inayosikiliza madai dhidi ya serikali kuu iliamua kwamba serikali kuu inawajibika kwa walio nyuma ya matuta, kwa kuwa ilijenga bwawa ikijua maji yangeweza kufika huko. Walio chini ya mabwawa walishindwa Februari 2020. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo ya pili na kurudisha kesi isikilizwe upya.

Aprili 2024, wilaya za Rufiji na Kibiti nchini Tanzania zilipozama, wengi walilinyooshea kidole Bwawa la Julius Nyerere, na ubishi ukawa juu ya nani alifungulia maji. Ni swali la haki, ila lachelewa. Kwa maoni yangu, Houston usiku ule haikuwa na uamuzi mwema wa kuchagua. Uamuzi mbaya ulikwisha kufanyika mezani, kwa miaka mingi, kila mara kiwanja kilipoidhinishwa ndani ya bwawa. Mhandisi alirithi deni la wapimaji.

Mambo haya yanawahusu pia wasemaji wa Kiswahili wa Houston na Dallas, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki, wawe wanunuzi wa nyumba au wapangaji. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamtaka muuzaji aseme kama nyumba iko ndani ya eneo la maji ya bwawa. Tangu Januari 2022 mwenye nyumba anatakiwa kumwarifu mpangaji kwa maandishi kama nyumba iko katika bonde la mafuriko ya miaka 100, au kama imewahi kufurika katika miaka 5 iliyopita. Idai karatasi hiyo kabla hujatia sahihi. Na ukumbuke kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya serikali, ambayo hata mpangaji anaweza kukata kwa ajili ya vyombo vyake, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa. Ukingoja mpaka kimbunga kitangazwe redioni, umechelewa.