Sikukuu za Mstaafu: Zamu, Deni na Mweso

Askari awapo kazini hazihesabu sikukuu kama raia wazihesabuvyo. Raia huuliza kutapikwa nini. Askari huuliza ni nani atakayelinda lango. Mimi nimestaafu jeshi la Uganda, na sasa nalima migomba karibu na Masaka. Hata hivyo, swali la lango lingali likinijia kila Krismasi, kila Idd, na kila Tarehe Sita, siku ya mwezi wa Februari ambapo jeshi letu hukumbuka shambulio la kambi ya Kabamba la mwaka 1981.

Mwaka 2007 tulikuwa Mogadishu, katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Afrika. Rafiki yangu ni Mwislamu wa Arua, nami ni Mkristo. Kwa idhini ya mkubwa wetu tulipatana hivi: siku ya Idd el Fitr nilishika zamu yake, naye siku ya Krismasi akashika yangu, ili kila mmoja apate kusali kwa utulivu.

Saa za mapumziko tulicheza mweso, mchezo ulio ndugu wa bao la pwani. Ubao hatukuwa nao. Tulichimba mchangani mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, tukaokota vijiwe 64 viwe kete. Kila mchezaji hupata kete 32, na akosaye mwendo ndiye aliyeshindwa. Mwenzangu hakuwa mtu wa haraka. Aghalabu alinishinda wakati nilipodhani nimekwisha kumshinda.

Tulipostaafu, alinikopesha fedha za mabati. Mavuno yakawa mabaya, siku ya ahadi ikapita, nami nikaona haya. Akipiga simu, siipokei. Miaka 3 ikapita hivyo. Nilicheza mweso na vijana wa kijijini, lakini raha haikuwapo. Kijana hupiga kelele akishinda, wala hakujui kimya cha mtu aliyekesha nawe langoni.

Hatimaye mke wangu akasema, "Mzee, deni hulipwa kwa fedha, halilipwi kwa kujificha." Tukauza mbuzi 2. Nikapanda basi hadi Kampala, kisha nikavuka Nile pale Karuma, nikafika Arua jioni ya kuamkia Idd.

Rafiki yangu alinitazama kitambo, kisha akasema, "Nilidhani tumekwisha kukuzika, wala sikuambiwa."

Nilimpa nusu ya deni. Hakuirudisha, wala hakutamka neno la msamaha. Aliihesabu mbele yangu, akaiandika katika daftari, akasema, "Iliyobaki nitaifuata mwenyewe kwako siku ya Krismasi. Zamu ni yangu." Ndipo akamwita mkewe alete chai, naye akauleta ubao. Usiku huo alinishinda mara 3.

Ndugu zangu mlio bado kazini, nanyi akina mama mnaozitunza nyumba zetu, msiiache haya ikale miaka ya urafiki. Mwenye kudai huumia kwa fedha yake mara moja. Kwa kukosa habari za mwenzake huumia kila sikukuu.

Sasa natia akiba kidogo kidogo katika mkebe. Mke wangu naye amekwisha kuchagua jogoo wa Krismasi, na amesema hatachinjwa hata mgeni afike, amchinje kwa mkono wake mwenyewe.