Je, Uwanja Mpya Huleta Kombe?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Msemo huo unastahili kukumbukwa wakati huu ambapo mazungumzo ya viwanja vipya vya michezo yametawala mabaraza ya kahawa, mabasi ya alfajiri na vyumba vya chakula viwandani. Tangu Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipokabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ujenzi wa viwanja ulianza Arusha na Nairobi, na mashabiki wakaanza kuhesabu vikombe kabla saruji haijakauka.

Ni haki ya kila mlipa kodi kuuliza: je, uwanja mpya huleta ubingwa? Tutazame waliotutangulia.

KOMBE LILITANGULIA

Februari 2012, Zambia ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Libreville kwa kuishinda Ivory Coast kwa mikwaju ya penalti. Wakati huo uwanja mpya wa Ndola, uliopewa jina la Levy Mwanawasa, ulikuwa bado haujafunguliwa. Ulianza kutumika miezi michache baadaye, na miaka michache mbele Lusaka nayo ikapata uwanja wake mkubwa. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Zambia, sasa ikiwa na viwanja vya kuonewa wivu, haikufuzu fainali za 2017, wala za 2019, wala za 2021.

Senegali nayo ilitwaa kombe lake la kwanza tarehe 6 Februari 2022. Katika safari ya kufuzu, uwanja wake mkuu wa Dakar ulikataliwa na shirikisho la soka la Afrika kwa uchakavu, timu ikalazimika kucheza Thiès. Uwanja mpya wa Diamniadio, wenye viti 50,000, ulizinduliwa majuma mawili baada ya ubingwa.

Kwa nchi hizo mbili, basi, hatuwezi kusema uwanja ulizaa kombe. Kombe lilifika kwanza.

NGUVU YA NYUMBANI

Hata hivyo, si haki kusema kwamba uwanja hauna kazi. Mwezi uliofuata, Senegali iliishinda Misri kwa penalti katika uwanja huohuo mpya, mbele ya umati uliokuwa ukinguruma, ikaenda kwenye Kombe la Dunia.

Hapa kwetu mfano ulio wazi zaidi ni Simba katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya msimu wa 2018/19. Katika hatua ya makundi ilishinda michezo yake yote mitatu Dar es Salaam: JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1. Ilipotoka nje ya nchi ilifungwa mitatu yote, 5-0, 5-0 na 2-0. Wachezaji ni walewale na kocha ni yuleyule, lakini nyumbani walikuwa simba na ugenini wakawa paka.

Sababu zake zinafahamika. Mwenyeji hachoshwi na safari, anaijua nyasi, na sauti ya umati humtia moyo na pengine kumtia mwamuzi wasiwasi. Mwaka 2020, milango ya viwanja ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, timu za Ujerumani zilishinda nyumbani mara chache kuliko kawaida. Kumbe nguvu ile ilikuwa ya watu waliokaa jukwaani kuliko ya jukwaa lenyewe.

Wala nguvu hiyo si kinga. Mei 2023, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger palepale Dar es Salaam katika fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho. Ilikwenda Algiers ikashinda 1-0, lakini kombe likapotea kwa kanuni ya mabao ya ugenini.

NANI ANAPATA FEDHA?

Uwanja waweza pia kusaidia kwa njia ya mfuko. Juventus ya Italia ilifungua uwanja wake yenyewe mwaka 2011, ikachukua ubingwa wa ligi mara tisa mfululizo hadi 2020. Lakini tusisahau kwamba mwaka huohuo ilipata kocha mpya, Antonio Conte, na kiungo hodari, Andrea Pirlo. Arsenal ya Uingereza, kwa upande wake, ilihamia uwanja mpya wa watu 60,000 mwaka 2006. Mzigo wa gharama za ujenzi uliibana, wachezaji wake nyota wakauzwa mmoja baada ya mwingine, na misimu mingi ikapita bila ubingwa wa ligi.

Uwanja wetu mkubwa wa Dar es Salaam, unaoitwa sasa Benjamin Mkapa, ni mali ya serikali. Ulifunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000, lakini timu ya taifa ilisubiri miaka 12 kabla ya kufuzu fainali za Afrika, mwaka 2019. Mara ya kwanza tulifuzu zile za 1980, kwa vijana waliolelewa wakati wa uwanja wa zamani, ambao leo unaitwa Uhuru.

SOMO KWA WAZAZI

Ndugu msomaji, mchezaji hazaliwi katika uwanja wa viti 60,000. Huzaliwa katika kiwanja cha shule na uwanja wa wazi wa mtaani, anapocheza kila jioni akiwa na umri wa miaka minane. Kiwanja hicho kinapogeuzwa maduka au maegesho ya magari, hapana jukwaa la fahari litakaloziba pengo lake.

Viwanja vikubwa na vijengwe, kwani wageni hupokelewa katika nyumba njema na mashabiki wanastahili viti safi na salama. Lakini mzazi anayetaka kombe na aanze karibu na mlango wake: aulize katika mkutano wa mtaa, mwanangu atachezea wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha, miaka 15 ijayo, kama majukwaa tunayoyajenga leo yatashangilia mabingwa wetu au mabingwa wa wenzetu.