MSHAHARA, UJIRA NA SAA ZA ZIADA

Ndugu wanachama, hesabu ya karafuu twaijua: mchumaji hulipwa kwa kadiri alivyochuma. Lakini vijana wetu hawakai wote shambani. Wako wanaovuka bahari kutafuta kazi bara, hata mkoani Singida penye viwanda vya kukamua alizeti. Kijana akiambiwa huko, "Wewe una mshahara wa mwezi, saa za ziada ni za vibarua," ajue si kweli.

Mshahara hulipwa kwa mwezi. Ujira wa kibarua kwa siku au kwa kipande cha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, yatazama saa. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Saa za ziada ni kwa mapatano, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu. Wasimamizi walio chini ya wakuu wa kazi moja kwa moja hawamo.

Tupige hesabu. Mwenye shilingi 390,000 kwa mwezi, gawa kwa saa 195: saa moja ni shilingi 2,000, na ya ziada 3,000. Saa kumi ni 30,000.

Asipolipwa, apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 60 hazijapita. Huko ataulizwa ushahidi. Basi mzazi amfungashaye mwanawe na amtilie daftari na kalamu, aandike saa zake kila siku.