Janjira: Ngome ya Wahabeshi Iliyofua Fedha Yake

Kusini ya mji wa Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai, mwendo wa maili 40 na zaidi kwa njia ya bahari, ipo ngome ya mawe iliyosimama katikati ya maji mbele ya mji wa Murud. Jina lake ni Janjira. Kila mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki atalitambua neno hilo mara moja, kwani asili yake ni jazira, yaani kisiwa, ila Wamarathi wa huko wamelitamka kwa ulimi wao. Lakini jambo la ajabu zaidi si jina. Waliotawala ngome hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka 300 walikuwa watu wenye asili ya Afrika.

Watu hao waliitwa Masidi, au Wahabeshi. Wengi wa wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Uhabeshi na nchi za jirani, wakavushwa bahari, wakauzwa kwa wafalme wa Bara Hindi waliotaka askari hodari. Mtumwa aliyejua vita aliweza kupanda cheo huko. Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi kiasi cha mwaka wa 1548 na kuuzwa zaidi ya mara moja, alikufa mwaka wa 1626 akiwa ndiye mwenye amri katika ufalme wa Ahmadnagar. Ni katika siku za ufalme huo Masidi walipokabidhiwa Janjira, na ufalme ulipoanguka wao walibaki na ngome yao.

Adui yao mkubwa alikuwa Shivaji, mfalme wa Wamarathi, aliyeteka ngome nyingi milimani lakini hakuweza kuiteka hii moja ya baharini. Kiasi cha mwaka wa 1670 alikaribia sana kuipata. Mkuu wa ngome, Fath Khan, alikuwa amechoka kwa njaa na kuzingirwa, akawa tayari kuitoa kwa ahadi ya mali na cheo. Wenziwe watatu walipopata habari walimkamata, wakamtia kifungoni, wakashika amri wenyewe. Kisha walituma ujumbe kwa Aurangzeb, mfalme wa Delhi, wakaomba ulinzi wake, naye akawapa vyeo vya maamiri wa merikebu zake pamoja na fedha za kuziendesha. Laiti watu hao watatu wangalichelewa siku chache, pasingekuwa na dola ya Janjira ya kusimuliwa.

Sambhaji, mwana wa Shivaji, alijaribu tena katika mwaka wa 1682. Alipoona mashua hazifai, aliamuru mlango wa bahari ujazwe mawe ili askari wapite kwa miguu! Kazi haikwisha, kwani majeshi ya Delhi yaliingia nchini mwake, ikambidi kurudi kuyakabili. Hata Waingereza walionja ukali wa Masidi: katika mwaka wa 1689 Sidi Yakut alishuka Bombay na jeshi lake, akawazingira ndani ya ngome yao mpaka mwaka uliofuata. Hawakuokoka mpaka walipomwomba Aurangzeb msamaha na kulipa faini ya rupia 150,000.

Nguvu ya ngome ilikuwa katika mambo mawili. Kwanza, lango lake limejificha baina ya buruji, na anayekuja kwa mashua halioni mpaka amefika karibu kabisa, chini ya mizinga. Pili, ndani yake mna maji matamu ya kunywa, ingawa pande zote ni maji ya chumvi. Yeyote aliyesoma habari za Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyozingirwa tangu 1696 hata 1698, anajua jinsi njaa na maradhi yanavyoweza kuwamaliza watu walio nyuma ya kuta imara.

Mtawala wa Janjira, aliyeitwa Nawabu, alifua na fedha yake mwenyewe. Zilikuwa rupia za fedha kwa mtindo wa Delhi, zenye maandishi ya Kiajemi. Kazi yote ilikuwa ya mkono. Fundi alikata kipande cha fedha cha uzito uliotakiwa, akakiweka baina ya vyuma viwili vilivyochorwa maneno, akapiga kwa nyundo. Chuma kilikuwa kipana kuliko kipande, basi maneno hayakuenea. Rupia moja huonyesha nusu ya jina, nyingine sehemu ya mwaka tu, na wenye kukusanya sarafu za kale hulazimika kuzipanga nyingi pamoja wapate kuyasoma.

Desturi ya watawala wengi wa Bara Hindi ilikuwa kupiga jina la mfalme wa Delhi katika fedha zao, hata alipokuwa hana tena nguvu ya kumwamuru mtu. Si unyenyekevu. Mfanya biashara sokoni alilizoea jina hilo, na sarafu ngeni angeikataa au kuipunguza thamani. Kampuni ya Waingereza nayo ilifanya hivyo hivyo mpaka mwaka wa 1835, ilipotoa rupia moja yenye sura ya mfalme wa Uingereza. Baada ya hapo karakhana za watawala wadogo zilififia. Rupia ya Bara Hindi ilivuka hata bahari ikatumika Unguja na Mombasa, na neno letu pesa limetoka katika paisa, sarafu ndogo ya huko.

Nawabu wa mwisho, Sidi Muhammad Khan, alitawala tangu 1922. Raia wake wengi walikuwa Wahindu, na katika mwaka wa 1948 nchi yake iliunganishwa na India huru. Jumba lake lingali juu ya kilima cha Murud, likitazama bahari. Ngome nayo ingalipo, mizinga mikubwa imelala juu ya kuta, na wageni huvushwa kwa mashua za tanga kutoka Rajapuri. Langoni hukuta mnyama mfano wa simba aliyechongwa katika jiwe, ameshika ndovu kwa makucha yake.